Tusiombe Dishi

Mjomba wangu alichimba dhahabu karibu miaka ishirini, kwanza Geita, kisha Kakola, mwisho pembezoni mwa Kahama, na hakuwahi kutajirika. Aliowaona wakitajirika ni wanunuzi wa marudio.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, mambo huenda hivi. Mawe yakishatolewa duarani husagwa kwenye karasha mpaka yawe unga. Unga ule huoshwa kwa maji kwenye mwalo, kisha dhahabu hunaswa kwa zebaki. Tope linalobaki ndilo marudio. Kufikia hapo mchimbaji amechoka, ana deni la chakula na deni la karasha, na mwenye duara anasubiri mgao wake, kwa hiyo tope analiona takataka. Anakuja mtu mwenye matangi, sianidi na makaa ya kunasia, analinunua kwa bei ya kutupa, na humo anatoa dhahabu ambayo mara nyingi inazidi ile ya mwanzo. Zebaki haishiki chembe ndogo kabisa. Matangi yanazishika.

"Ng'wanawane," mjomba alikuwa akiniambia, "dhahabu ni ya anayejua kuinasa. Kuchimba anachimba yeyote."

Sasa mimi ni mwalimu wa fizikia, na maneno hayo hunirudia kila ninaposikia Watanzania wenzangu wakizungumzia darubini za redio. Nakiri si mazungumzo ya kila siku. Hujitokeza pale picha za yale madishi meupe ya Afrika Kusini zinapozunguka kwenye simu, na huishia kwenye kauli moja kati ya mbili. Ya kwanza: "Na sisi tungepata japo dishi moja." Ya pili: "Madawati kwanza, nyota baadaye." Nataka kubishana na zote mbili. Naanza na ile ya kwanza, kwa sababu wanaoisema ni watu wa upande wangu.

Tuwekane sawa kuhusu dishi lenyewe. MeerKAT, darubini iliyozinduliwa Julai 2018 katika nyika kame ya Karoo, ina madishi 64, kila moja likiwa na kipenyo cha mita 13.5. Hiyo inaandaliwa kumezwa na kubwa zaidi, SKA, ambayo jina lake lilitokana na ndoto ya kuwa na eneo la kunasia mawimbi lenye ukubwa wa kilomita moja ya mraba. Mpango ni kuongeza madishi 133 kwenye yale 64 ili yafike 197, na huko Australia magharibi kusimikwe antena ndogo 131,072 kwa ajili ya mawimbi marefu. Ukiziona picha, jicho linakwenda kwenye madishi. Ni makubwa, ni meupe, yanapendeza machweo. Lakini dishi ni karai. Kazi yake ni kukusanya na kumwaga mahali pamoja. Karai halijui kama limebeba mchanga au dhahabu.

Anayejua ni kipokezi, kile chombo kinachokaa pale ambapo mawimbi yaliyokusanywa yanakutana. Na kazi yake ni ngumu kuliko ninavyoweza kuieleza darasani bila wanafunzi kudhani natania. Mawimbi yanayotoka kwenye galaksi ni dhaifu mno. Ungeweza kuiacha simu yako ya mkononi mwezini ikiwa imewashwa, nayo ingehesabika miongoni mwa vyanzo ving'avu kabisa vya redio katika anga yetu. Kitu dhaifu namna hiyo lazima kikuzwe, na hapo ndipo penye taabu, maana amplifaya yenyewe ina joto, na chochote chenye joto kinatoa kelele za redio. Unaweza kukuza mnong'ono wa galaksi ukajikuta umekuza mihemo ya chombo chako mwenyewe. Ndiyo maana vipokezi vya MeerKAT hupoozwa kwa heliamu mpaka karibu kelvini 20, yaani kiasi cha nyuzi 253 chini ya sifuri. Ndani ya amplifaya za namna hii mna nyuzi za dhahabu nyembamba kuliko unywele. Siwezi kudai kwamba uzi hata mmoja ulitoka Geita. Dhahabu ikishayeyushwa haina kabila.

Baada ya kukuzwa, mawimbi hugeuzwa kuwa namba palepale kwenye dishi. Katika kipokezi kimoja cha MeerKAT hupimwa zaidi ya mara bilioni 1.7 kila sekunde. Namba hizo husafiri kwa nyaya za kioo, hupangwa kwa saa sahihi sana ili wimbi lililofika dishi hili mapema kidogo lisubiriane na lile lililochelewa dishi lile, kisha zote huzidishwa pamoja mpaka madishi 64 yawe kama jicho moja. Toa kipokezi na saa, yanabaki mabakuli 64 jangwani.

Kuna jambo moja ambalo wapiga picha hawalioni, nalo ndilo linalonikera zaidi. Anayesanifu kipokezi ndiye anayechagua maswali. Haidrojeni, kitu kilichojaa kuliko vyote ulimwenguni, hutoa wimbi la redio la sentimita 21, sawa na megahezi 1420. Ikiwa galaksi iko mbali sana, wimbi hilo hunyooshwa njiani na kufika likiwa na megahezi chache zaidi. Kwa hiyo kipokezi cha megahezi 1400 kinauliza kuhusu majirani zetu, na kile cha megahezi 700 kinauliza kuhusu ulimwengu ulivyokuwa mabilioni ya miaka iliyopita. Watu huketi mezani kubishania masafa hayo miaka mingi kabla msingi wa dishi la kwanza haujachimbwa. Dishi likishasimama, mjadala huo umekwisha, na wewe unakaribishwa kulifyekea nyasi.

Katika hatua ya usanifu wa SKA, iliyoanza 2013, walihusika wahandisi zaidi ya 500 kutoka nchi kama 20. Zaidi ya hapo, nchi nane za Afrika zilijiunga na Afrika Kusini kama washirika wa mradi: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Soma tena orodha hiyo huku umeangalia ramani. Kenya iko juu yetu, Msumbiji iko chini yetu, Zambia iko kando yetu. Sisi hatumo. Kwa miaka kadhaa sasa, vijana wa nchi hizo nane wamekuwa wakifundishwa unajimu wa redio na ufundi wake kwa mpango uliogharamiwa na Uingereza na Afrika Kusini. Ghana ilikwenda mbali zaidi: ilichukua dishi kuukuu la mawasiliano ya satelaiti huko Kuntunse, lenye kipenyo cha mita 32, wakalifanyia kazi pamoja na Waafrika Kusini mpaka likawa darubini, ikazinduliwa 2017.

Hapo ndipo wenzangu wanaposema, tungepata japo dishi moja. Nawajibu kwa kisa cha Malindi.

Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimikwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya Marekani. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kutazama anga kwa miali ya eksirei. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, na kwa heshima hiyo satelaiti ikaitwa Uhuru. Ilihesabu vyanzo 339 vya eksirei angani, na kwa sehemu kubwa ndiyo iliyoufanya mwonekano wa Cygnus X-1 uanze kuaminika kuwa shimo jeusi. Mwaka 2002 kiongozi wa kazi ile, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel. Kila kitabu cha fani hiyo kina neno la Kiswahili ndani yake. Na sisi wa pwani na bara tulitoa nini? Tulitoa bahari, tulitoa ikweta, tukatoa na jina. Vigunduzi vilisanifiwa kwingine na data ikasomwa kwingine. Neno letu lilikwenda angani likatuacha ufukweni.

Mkoa wetu unaijua hadithi hiyo kwa sura nyingine. Mwaka 1947 Mwadui ilitoa almasi ya waridi ambayo mpaka leo watu wanaizungumzia, akapewa Binti Mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi. Jiwe lilitoka Shinyanga, aliyelikata alikuwa London. Miaka sabini baadaye, mwaka 2017, nchi nzima ilisimama kubishania makontena 277 ya makinikia yaliyozuiwa yasisafirishwe. Kamati ya serikali ilisema dhahabu iliyomo ni nyingi mno kuliko iliyoandikwa kwenye karatasi. Kampuni ikakataa hesabu hiyo. Baadaye pande mbili zikakaa, zikakubaliana, ikaundwa kampuni ya ubia ambayo serikali ina asilimia 16. Sitaki kufufua ubishi wa nani alikuwa sahihi. Ninachotaka ukumbuke ni aina ya ubishi wenyewe: watu wazima wameduwaa mbele ya sanduku, kila mmoja ana namba yake, na mwananchi wa Kakola hana chombo cha kumwambia kilichomo. Tulikuwa tumemiliki ardhi kwa zaidi ya nusu karne bila kumiliki kipimo.

Kwa hiyo sitaki dishi la msaada, lenye uzio na mlinzi, na kibao cha uzinduzi chenye jina la mgeni rasmi. Nataka tujifunze kutengeneza kipokezi.

Sasa nije kwa wa madawati. Hoja yao siidharau. Nimefundisha darasa ambalo wanafunzi watatu walikaa dawati la wawili, na katika mwezi wa kiangazi nimemwona msichana akichelewa kipindi cha kwanza kwa sababu ya foleni ya maji. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba kujifunza kusikiliza galaksi na kujifunza kutengeneza vitu vya hapa chini ni safari mbili tofauti. Angalia kilichotokea 2020. Korona ilipoingia, serikali ya Afrika Kusini ilitafuta watu wa kuongoza utengenezaji wa mashine za kusaidia kupumua nchini humo. Waliopewa kazi hiyo ni taasisi yao ya unajimu wa redio, wale wale wa MeerKAT, kwa sababu walikuwa wamezoea kusanifu mfumo tata kuanzia karatasi nyeupe, kuugawa kwa viwanda mbalimbali, kuupima na kuukabidhi ukiwa unafanya kazi. Mashine zilitoka kwa maelfu. Vipokezi vya MeerKAT vyenyewe vilikuwa vimetengenezwa na kampuni ya Stellenbosch, EMSS Antennas, mji wa mizabibu na chuo kikuu. Nchi yenye mafundi wa namna hiyo, siku ya tanzia, inajua pa kupiga simu. Sisi tungempigia nani?

Utasema Afrika Kusini ni tajiri. Sawa. Basi njoo Kahama.

Mwaka juzi, mimi na wanafunzi wanane wa kidato cha tano tulichora antena ya umbo la pembe, tukampelekea fundi bati wa mtaani. Mdomo wake ulikuwa sentimita 75 kwa 60. Nyuma tuliweka kopo la mstatili la mafuta, na ndani ya kopo kipande cha waya wa shaba wa sentimita tano na kitu, robo ya urefu wa wimbi la haidrojeni. Tuliagiza amplifaya ndogo na kile kidude cha kupokelea televisheni kinachochomekwa kwenye kompyuta. Gharama yote haikufika bei ya simu janja ya wastani. Fundi bati alituuliza tunatengeneza spika ya kanisa gani.

Usiku wa kwanza, uwanjani mwa shule, tulipata takataka tupu. Taa za ulinzi zilikuwa zinapiga kelele kwenye masafa yetu, mnara wa simu ulikuwa umesimama kama jogoo, na jirani alikuwa anachomelea geti. Usiku wa pili tuliibeba pembe kwenye guta mpaka nje ya mji, kwenye majaruba ya mpunga yaliyokauka. Ilikuwa Julai, na Njia ya Maziwa ilikuwa utosini. Tuliielekeza pembe juu, tukaiacha kompyuta ijumlishe kelele kwa nusu saa, na pale kando ya 1420 pakatokea nundu. Nundu ndogo, isiyo na haya. Tukaigeuza pembe pembeni, ikapungua. Tukairudisha, ikarudi. Ilikuwa haidrojeni ya galaksi yetu, na mawimbi yale yaliondoka huko kabla ya mfalme yeyote wa dunia hii kuzaliwa. Mwanafunzi mmoja aliitazama muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe kelele zina umbo."

Huyo ndiye ninayemwandikia.

Na fahamu kwamba ukanda huu wa dhahabu, ambao wengi wanaudhania ni wa sururu na zebaki tu, umejaa mikono ambayo kipokezi kinaihitaji. Kahama na Geita zina mafundi wa kompresa, wa majokofu, wa kusuka mota zilizoungua, wachomeleaji wa vyuma vigumu, vijana wanaofungua ubao wa simu chini ya lenzi na kubadilisha kijisehemu kidogo kuliko punje ya ulezi. Mashine inayopooza kipokezi mpaka kelvini 20 huendeshwa na kompresa. Mashine ya kutafutia dhahabu ambayo kijana anatembea nayo porini Geita akiwa amevaa spika za masikio ni kipokezi cha aina yake, na yeye tayari anajua tofauti kati ya mlio wa msumari na mlio wa chembe. Tunao wasikilizaji. Hatujawapa cha kusikiliza zaidi ya ardhi.

Sisemi darubini ijengwe Geita. Redio za migodi, minara na mashine za kuchomelea zingeiua siku ya kwanza. Ikiwa siku moja tutataka kuwa na darubini yetu, tutahitaji mahali patulivu, na utulivu unapaswa kutengwa mapema. Afrika Kusini ilitunga sheria ya kulinda anga lake la unajimu mwaka 2007, miaka mitano kabla ya uamuzi wa 2012 uliogawa SKA kati yake na Australia. Ila tusiige kila kitu. Katika Karoo kuna wafugaji walionunuliwa mashamba ili pawe kimya, na wakazi waliolalamika kwamba wamebaki na mawasiliano hafifu huku dunia ikishangilia ugunduzi. Wasukuma tuna njia bora kuliko hiyo. Ngitili ni eneo ambalo kaya au kijiji hulifunga wakati wa mvua ili nyasi zipumue na mifugo iokoke kiangazi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza 1986 ulifanikiwa kurudisha miti kwenye mkoa uliokuwa unaitwa jangwa kwa sababu uliwaachia wanavijiji ngitili zao wenyewe. Ngitili ya mawimbi ingefuata kanuni hiyo hiyo: wenye ardhi wanakubali, wanajua wanachofunga na kwa nini, na wanakula kilichomo.

Hayo ni ya baadaye. Ya sasa ni haya. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya 2017, kampuni za migodi zinapaswa kupanga pamoja na halmashauri fedha za wajibu wao kwa jamii. Fedha hizo zimejenga zahanati na madarasa, na ziendelee. Lakini chembe yake inatosha kuweka pembe ya bati, amplifaya na kompyuta katika kila sekondari yenye mchepuo wa sayansi kuanzia Kishapu mpaka Chato. VETA zetu zinaweza kufundisha ufundi wa mawimbi mafupi kando ya umeme wa majumbani. Chuo kikuu kimoja, kimoja tu, kiwe na chumba ambamo kipokezi kinapoozwa kwa heliamu na kupimwa kelele zake, hata kama hakuna dishi la kukiweka. Namibia inapanga darubini ya mawimbi ya milimita pamoja na Wadachi. Washirika wengine wa SKA bado wanasubiri awamu zao. Meza nyingine zitaandaliwa, na atakayefika na kipokezi mkononi hataulizwa alikuja na nani.

Tusipofanya hivyo, anga litaendelea kuchimbwa bila sisi. Data zitakuwa nyingi kuliko wanaozisoma, na siku moja mtu atatuuzia marudio yake.

Pembe yetu iko stoo ya maabara, imefunikwa kwa turubai. Wiki iliyopita wanafunzi wa kidato cha tano wa mwaka huu walikuja na swali: ikiwa joto ndilo linaloleta kelele, je, tukiizungushia amplifaya barafu ya wauza samaki, nundu itaonekana vizuri zaidi? Nimepiga hesabu. Kutoka joto la Kahama hadi la barafu ni nyuzi kama thelathini tu, na tofauti itakuwa ndogo mno, huenda isionekane kabisa. Sijawaambia. Jumamosi tunanunua barafu.